Maswali ya Wasomaji: Mali za Umma Baada ya Utepe Kukatwa

Mwezi uliopita niliandika katika ukurasa huu aya chache kuhusu soko lililozinduliwa kwa shangwe na ambalo, baada ya miaka sita tu, wachuuzi wake walikuwa wakifunika bidhaa kwa maturubai ndani ya jengo lenye paa. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba jambo hilo linawagusa wengi kuliko nilivyodhani. Nimechagua sita, nimezifupisha, na nimeondoa majina ya watu, vijiji na halmashauri, kwa kuwa tunachotafuta hapa ni namna ya kutengeneza wala si mtu wa kumshtaki.

SWALI: Nimeingia katika baraza la madiwani kwa mara ya kwanza. Niliomba kuona daftari la mali za kudumu la halmashauri yetu nikapewa kitabu kinene. Viti, meza, kompyuta na pikipiki vimeorodheshwa kimoja kimoja na namba zake, lakini masoko yetu matatu yameandikwa mstari mmoja mmoja, mwaka wa ujenzi na thamani basi. Mitaro ya mji haimo kabisa. Mweka hazina ananiambia kwamba daftari hili limepita kwa wakaguzi bila hoja. Je, niridhike?
Diwani, Nyanda za Juu Kusini

JIBU: Mheshimiwa Diwani, usiridhike, ila usimlaumu mweka hazina, maana ameifanya kazi aliyotumwa. Daftari la kihasibu hujibu maswali ya mhasibu: mali hii ilipatikana kwa kiasi gani, imechakaa kwa kiasi gani, na thamani iliyobaki vitabuni ni ipi. Hayo ni maswali halali, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, ana wajibu wa kuyauliza kila mwaka. Swali la diwani ni jingine. Wewe unataka kujua kama paa la soko litahimili masika yajayo, nani atalitengeneza likivuja, na fedha za kazi hiyo zimo katika kifungu gani cha bajeti. Darasa lililojengwa mwaka 1975 laweza kuwa na thamani ya sifuri vitabuni huku watoto wakisomea ndani yake kila siku; kwa mhasibu limekwisha, kwa mzazi ndilo shule yenyewe.

Kwa hiyo lipo jambo la kuongeza juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Halihitaji kusubiri mfumo mpya wa kompyuta, ingawa Serikali inao mfumo wake wa taarifa za mali, GAMIS, na mtakachokusanya kiingizwe humo. Anzeni na mali chache ambazo zikifa mji mzima utajua siku hiyo hiyo: soko kubwa, stendi, machinjio, kituo cha afya, mtaro mkuu. Kwa kila moja andikeni mambo matano. Iko wapi hasa, kwa alama za ramani na si kwa maneno "karibu na ofisi ya kata". Ni ya nani kisheria, na hati iko wapi. Hali yake ikoje leo, kwa kipimo cha moja hadi tano, ambapo moja ni nzima na tano ni hatari kwa watu. Wanaoitumia ni akina nani, na ikisimama watakwenda wapi. Mwisho, inahitaji kiasi gani kila mwaka ili ibaki ilivyo.

Nikiwa bado kazini niliwahi kushiriki zoezi la namna hii katika soko moja la mji mdogo. Tulikuwa watu wanne na mchoro wa jengo, na asubuhi yote tulipita tukiandika vizuri vya juujuu: ukuta mzima, milango mizima. Mlinzi wa usiku, mzee aliyekuwa akitutazama tangu tulipofika, ndiye aliyetuita pembeni akatuonyesha nguzo ya tatu ya upande wa samaki. Kwa mbele ilipakwa rangi. Kwa nyuma, kwenye usawa wa goti, zege lilikuwa limepasuka na nondo zimevimba kwa kutu, kwa sababu maji ya chumvi ya masanduku ya samaki yalikuwa yakitiririka hapo kila siku kwa miaka. Alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa mdomo mara mbili. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba anayeijua hali ya mali ya umma ni yule anayelala nayo, na kwamba kazi ya ofisi ni kuyapa maneno yake mahali pa kuandikwa. Wala si walinzi peke yao. Katika Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora ramani za mitaa yao, ikiwamo mitaro na njia za maji, na ramani hizo zikatumika katika kupanga namna ya kukabili mafuriko. Vijana wenye simu mnao hata ninyi.

Sasa fedha. Katika majengo, wataalamu wengi hushauri kutenga kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya jengo hilo kwa bei za leo. Chukueni mfano wa soko ambalo kulijenga leo kungegharimu shilingi milioni 800: matengenezo yake ni kati ya milioni 16 na milioni 32 kwa mwaka. Kama soko hilo lina vizimba 200, na kila kizimba kinalipa ushuru wa shilingi 500 kwa siku kwa siku 300, makusanyo ni milioni 30. Hapo ndipo baraza linapotakiwa kuiona hesabu waziwazi, kwa sababu ushuru huo mara nyingi huhesabiwa kuwa mapato ya kuendeshea mambo mengine yote, ilhali sehemu kubwa yake ni deni ambalo halmashauri inadaiwa na paa, mabomba na nyaya za soko lenyewe. Tumezoea kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna anayeshangaa tena. Baraza linaweza kujiwekea utaratibu wa namna hiyo kwa matengenezo, kwa azimio lake lenyewe.

Jambo la mwisho ni wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Orodha ya hali za mali ikifika mezani pa Kamati ya Fedha mwezi Mei, imefika baada ya chakula kuliwa. Ipelekeni mapema, mali kumi kwenye ukurasa mmoja, zile zenye alama ya nne na tano zikiwa juu.

SWALI: Kijiji chetu kina pampu ya mkono iliyowekwa na mradi zaidi ya miaka kumi iliyopita. Imeharibika, na huu ni mwezi wa saba. Wilayani wanasema pampu ni ya kijiji. Wanakijiji wanasema ni ya Serikali. Wanawake wamerudi mtoni. Pampu ni ya nani?
Mwenyekiti wa kijiji, Kusini

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, pole, na uwape pole zangu akina mama. Swali lako ni fupi lakini ndilo lililoua visima vingi. Upimaji wa vituo vya maji vijijini uliofanywa nchini katika miaka ya mwanzo ya 2010 uliandikisha makumi ya maelfu ya vituo, na zaidi ya robo vilikutwa havitoi maji. Wengine waliosema "ni ya Serikali" na wengine waliosema "ni ya kijiji" walikuwa wakipishana pembeni ya pampu zile zile.

Kwa utaratibu wa sasa, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA kuwa msimamizi wa maji vijijini, na uendeshaji wa kila siku umewekwa mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuuliza ofisi ya RUWASA ya wilaya, kwa barua, kijiji chako kimo katika chombo gani, na pampu yako imeandikwa katika orodha ya chombo hicho au haimo. Kama haimo, barua hiyo hiyo iombe iandikwe. Pampu isiyoandikwa popote haina wa kuililia.

Hatua ya pili ni ya kwenu wenyewe. Kama pampu yenu ni aina ya Afridev, ambayo ni ya kawaida sana katika visima visivyozidi mita 45 hivi, iliundwa makusudi ili itengenezwe na mafundi wa kijijini. Ndani yake mna mpira wa pistoni na bushi za plastiki kwenye mhimili wa mpini, na hivi ndivyo vinavyochakaa kwanza. Mpini ukianza kucheza kushoto na kulia na kutoa mlio wa kugonga, bushi zimekwisha. Mkiendelea kupampu hivyo hivyo, chuma husagana na chuma, na kifaa cha bei ndogo huua kifaa cha bei kubwa. Nina hakika wapo kijijini kwako wanaoukumbuka mlio huo wiki kadhaa kabla maji hayajakatika.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria kituo kimoja kwa watu 250. Tuseme ni kaya 50. Kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni shilingi 600,000, fedha ambazo kwa kawaida hutosha vipuri vya kila mwaka na ujira wa fundi, na nyingine zikabaki kwa siku ambayo bomba la chini litahitaji kuvutwa. Lakini sharti zikusanywe pampu ikiwa nzima. Nimehudhuria mikutano ya vijiji ya kuchanga baada ya pampu kufa, na kila mara nimemsikia mtu akisema, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kulipia maji ambayo hayapo. Fedha ziwekwe benki au kwenye simu yenye waweka saini zaidi ya mmoja, na salio lake lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji pamoja na hesabu nyingine. Na katika kamati, wanaoteka maji wawe wengi kuliko wasioteka.

SWALI: Kila mwaka greda hupita kwenye barabara yetu ya kifusi, inapendeza kwa miezi mitatu, kisha masika yanaigeuza kuwa korongo. Si afadhali Serikali ingeweka lami mara moja tupumzike?
Mkulima wa mahindi, Rukwa

JIBU: Ndugu yangu mkulima, naelewa hamu ya lami, maana anayebeba mahindi kwa pikipiki kwenye tope ana haki ya kuitamani. Lakini naomba tukae kidogo na hiyo barabara kabla hatujaiacha, kwa sababu kinachoiua kifusi ndicho kitakachoiua lami, nacho ni maji yaliyokosa pa kwenda.

Barabara ya kifusi iliyo nzima huwa na mgongo: katikati pako juu kuliko kingo, ili tone la mvua likianguka liteleze upande badala ya kutuama. Likifika ukingoni likute mtaro, na mtaro nao, kila baada ya umbali fulani, uwe na mchepuko unaoyatoa maji shambani au bondeni kabla hayajapata nguvu. Pale barabara inapokatiza mkondo liwepo kalavati, na mdomo wa kalavati uwe wazi. Kitu kimoja kati ya hivyo kikikosekana, greda linaweza kupita kila mwezi na mtarudi pale pale. Mara nyingi mwendeshaji mwenye haraka huukwangua mgongo wenyewe akaiacha barabara bapa kama meza, au akaacha kingo zimeinuka kama kuta za birika, na hapo ndipo barabara inapokuwa mto. Safari ijayo greda likipita, subiri mvua ya kwanza, vaa buti utembee. Palipo na maji katikati ya njia, mgongo haupo. Palipo na mtaro uliojaa udongo, maji yatapanda barabarani. Andika namba za sehemu hizo. Mafundi huziita sehemu korofi, na ziko njia za kuzitengeneza hizo tu bila kugusa kilomita nzima.

Kifusi nacho huisha. Tabaka lenye unene wa sentimita 15 hupoteza kati ya sentimita moja na tatu kwa mwaka kutegemea magari, mvua na ubora wa udongo wake, hivyo hata likitunzwa vizuri litahitaji kuongezwa baada ya miaka kadhaa. Hayo ndiyo matengenezo ya muda maalumu, nayo ni tofauti na matengenezo ya kawaida ya kufyeka majani na kuzibua mitaro. Anayeyaacha ya kawaida atayalipa ya muda maalumu mapema. Anayeyaacha hayo nayo atalipa ujenzi mpya. Benki ya Dunia ilikadiria katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994 kwamba matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati yangeziepusha nchi za Afrika gharama za dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo uliotangulia. Miaka mingi imepita tangu hesabu hiyo, nami kila nikipita juu ya kalavati lililosombwa naikumbuka.

Kuhusu nani wa kumwendea: tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na si halmashauri. Mtandao wake unazidi kilomita 140,000, wakati barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na TANROADS ni chini ya theluthi moja ya urefu huo. Hata hivyo fedha za Mfuko wa Barabara kwa miaka mingi ziligawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa za wilaya. Ipo sababu ya kihandisi, kwa kuwa magari mengi na mazito yako barabara kuu, na mwaka 2021 tozo ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Lakini unaona jinsi blanketi lilivyo fupi. Kilomita moja ya lami mahali ambapo magari ni machache humeza fedha ambazo zingeweza kurekebisha sehemu korofi za kata nzima. Kwa hiyo mkikutana na diwani wenu, msimwombe "barabara". Mwombeni kalavati fulani, mahali fulani, lenye kipenyo fulani.

Na hicho kipenyo kiwashughulishe. Mvua za El Niño za mwaka 2023/24, kisha kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichoikata barabara kuu ya Kusini eneo la Somanga, vimeonyesha kwamba makalavati yaliyopimwa kwa mvua za zamani yanazidiwa. Kulirudishia kalavati lililosombwa lingine la ukubwa ule ule ni kununua hasara ile ile kwa mara ya pili.

SWALI: Shule yangu ilianzishwa miaka ya sabini. Kila likizo mpaka unasogea. Safari hii kuna msingi wa nyumba ndani ya uwanja wa michezo. Nikienda wilayani naulizwa hati, na sina.
Mwalimu mkuu, Pwani

JIBU: Mwalimu, hauko peke yako; ripoti za ukaguzi zimekuwa zikirudia kueleza kwamba shule na zahanati nyingi za umma hazina hati. Usisubiri hati ndipo ulinde. Wiki hii andika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa ardhi, na uombe amri ya kusimamisha ujenzi huo wakati mgogoro ukichunguzwa. Kisha kusanya ushahidi wa matumizi: kumbukumbu za serikali ya kijiji za kuitoa ardhi hiyo, ramani yoyote ya zamani, picha, na maelezo yaliyoandikwa ya wazee walioshiriki kujenga kabla hawajatutoka. Omba eneo lipimwe na vigingi viwekwe mbele ya majirani wenyewe, kila mmoja akisaini. Pandeni miti kwenye mstari huo. Kamati ya shule isimamie, maana wewe waweza kuhamishwa mwezi ujao na jambo hili likafa na uhamisho wako.

SWALI: Nasoma gazeti lenu nikiwa Kenya. Kaunti yetu ilirithi mali za mabaraza ya zamani lakini mpaka leo wanabishana ni zipi. Nyumba za baraza zina wapangaji ambao hakuna anayejua wanamlipa nani. Tufanyeje?
Mwakilishi wa wadi

JIBU: Mheshimiwa, urithi ule ulikuwa mkubwa kuliko maandalizi yake. Mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya yalifutwa na serikali za kaunti 47 zikaanza mwaka 2013, na mengi yaliyorithiwa hayakuwa yameandikwa vizuri tangu huko yalikotoka. Kazi ya kubaini mali na madeni ilianzwa na Mamlaka ya Mpito, kisha ikaachiwa kamati ya kiufundi ya mahusiano baina ya serikali, IGRTC. Ombeni kwao sehemu ya orodha inayohusu kaunti yenu na muilinganishe na kilichopo ardhini.

Kwa nyumba ningeanza na wapangaji. Wapelekeeni karani mwenye fomu, si askari, awaulize wameishi hapo tangu lini, wanalipa kiasi gani na stakabadhi zao zinasomekaje. Stakabadhi hizo ndizo zitakazowaonyesha fedha zinaelekea wapi. Mkianza kwa notisi ya kufukuza, watu wataficha kila kitu, na mtapoteza ushahidi wa umiliki uliokuwa mifukoni mwao. Halafu Bunge la Kaunti liamue kwa kila nyumba jambo moja kati ya matatu: kuitunza kwa kodi halisi, kuijenga upya, au kuiachia kwa njia ya wazi inayofuata sheria. Nyumba inayoachwa bila uamuzi kwa miaka kumi huamuliwa na mtu mwingine.

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, mwaka wa pili kazini. Mfadhili anataka kutujengea jengo la mama na mtoto katika zahanati. Kila mtu amefurahi, nami nimeambiwa niandae hotuba ya shukrani. Nina wasiwasi ambao siwezi kuutaja mkutanoni. Nishauri.
Kijana, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasiwasi wako ni wa heshima na unafaa kutajwa mkutanoni, ila utajwe kama maswali na si kama pingamizi, na utajwe kabla ya mchoro kukamilika, kwa sababu baada ya hapo kila badiliko litakuwa ghali.

Uliza nani atafanya kazi humo: wakunga wangapi, na je ikama yao imeombwa? Uliza umeme. Kama ni wa jua, betri zitadumu miaka mingapi, nani atazibadilisha, na kwa fedha gani? Nimeona mitambo ya jua mizuri iliyokufa kwa sababu betri zilikwisha mwaka wa nne na hakuna bajeti iliyokuwa na neno "betri". Uliza kama vitasa, bomba na taa vitakuwa vya aina inayouzwa dukani pale mjini kwenu. Koki ya kigeni yenye kupendeza ikivunjika, mtafunga maji ya wodi nzima mkitafuta mfano wake. Uliza maji machafu yatakwenda wapi na gari la kunyonya litafikaje kwenye shimo. Waulize pia wakunga wenyewe dirisha liwe wapi, kwa kuwa ndio watakaolifungua usiku wa joto.

Kuhusu matengenezo, tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati nchini vimekuwa vikipokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao. Kamati ya usimamizi wa zahanati ina nafasi ya kupanga humo ukarabati mdogo. Mshauri mganga mfawidhi aiweke mistari miwili katika mpango wa mwaka ujao tangu sasa, mmoja wa jengo na mmoja wa vifaa vyake, hata kama kiasi ni kidogo. Mfadhili pia anaweza kuombwa, kwa adabu, apunguze ukubwa wa jengo kidogo na tofauti iende kwenye vipuri vya kuanzia na mafunzo ya fundi wa wilaya. Wengi hukubali wakiulizwa, wengi hawaulizwi.

Siku ya makabidhiano usikubali funguo peke yake. Dai michoro ya jengo lilivyojengwa kweli, si lilivyokusudiwa, inayoonyesha mabomba na nyaya zimepita wapi ukutani. Dai hati za dhamana za vifaa, majina ya waliovisambaza, na tarehe ya kuanza na kuisha kwa kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake mwenyewe. Tarehe hiyo iandike ukutani mwa ofisi yako kwa kalamu nyekundu. Kisha, mvua kubwa ya kwanza ikinyesha ndani ya kipindi hicho, acha kazi nyingine zote, chukua tochi, ingia darini pamoja na fundi, na kila tone mtakaloliona liandikieni barua siku hiyo hiyo.